Likizo ijayo, tenga siku 4 za kisiwani na mwenzi wako

Dada unayelea watoto wa watu Riyadh, kaka unayefunga nondo Doha, likizo ikikaribia najua sanduku lako lina nini. Manukato ya mama, simu ya mdogo wako, viatu vya watoto, kanzu ya mzee. Kila mtu nyumbani ana fungu lake. Asiye na fungu, mara nyingi, ni yule uliyefunga naye ndoa.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaonicheka. Katika mwezi wako wa likizo, tenga siku 4 mwende kisiwani nyie wawili tu. Watoto wabaki kwa bibi. Na gharama yake iandikwe kwenye bajeti mapema, kama ada ya shule inavyoandikwa, sio ile ya "tukibakiwa na kitu". Hamtabakiwa na kitu. Tunajuana.

Tuanze na hesabu ya siku. Wengi wenu mna mkataba wa miaka 2, kisha likizo ya siku 30. Yaani siku 730 mbali, siku 30 pamoja. Katika hizo 30, toa wiki ya kupokea wageni, toa safari ya kijijini, toa harusi moja na msiba mmoja, toa siku za kufuatilia pasipoti na hati ya kiwanja. Zinazobaki mnakaa sebuleni na watu saba. Siku ya uwanja wa ndege inafika, na mke na mume bado hawajakaa chini wakaongea.

Hapo ndipo hela zinapopotelea. Katika kazi yangu ya kuwapangia watu hesabu, familia zinazoyumba sio lazima ziwe zile zinazopata kidogo. Ni zile ambazo anayetuma na anayepokea hawajawahi kukaa mahali patulivu wakasema ukweli wote. Kwenye simu huwezi: mtandao unakatika, bosi anaita, mtoto analia. Nyumbani huwezi: mama mkwe yuko chumba cha pili na ukuta ni mwembamba.

Mteja wangu mmoja, fundi ujenzi, alikuwa akituma hela za kiwanja kwa miaka 2. Mkewe alikuwa akitoa sehemu ya hela hizo kumlipia ada mtoto wa shemeji, kwa sababu mama mkwe alimwambia kwamba mume ameshakubali. Mume hakuwa na habari. Waliligundua hilo wakiwa Jambiani, siku ya pili ya mapumziko, wakinywa madafu. Hawakugombana. Aliniambia kwamba kama lingetokea nyumbani mbele ya ndugu, ndoa ingevunjika siku ile ile.

Sasa gharama. Nachukua mfano wa Watanzania wawili wanaotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku 4 na usiku 3. Bei hubadilika, kwa hiyo hizi ni namba za mfano, wewe weka zako:

Boti kwenda na kurudi, watu 2: 150,000
Nyumba ya wageni, usiku 3 kwa 80,000: 240,000
Chakula, siku 4 kwa 35,000: 140,000
Daladala na teksi: 40,000
Akiba ya dharura: 30,000
Jumla: shilingi 600,000

Gawanya kwa miezi 24, unapata 25,000 kwa mwezi. Kwa aliyeko Muscat hiyo haifiki riali 5. Iweke kando kila unapopokea mshahara, usiitume nyumbani, na usimwambie mtu zaidi ya mwenzi wako.

Utaniambia: hela hiyo si bora ninunue tofali? Swali zuri. Tukisema tofali moja ni 1,500, hizo ni tofali 400. Sitakudanganya kwamba ni kidogo, maana ni karibu kuta za chumba kimoja. Ila niambie, chumba hicho unamjengea nani? Nimeona nyumba zimeezekwa bati la rangi, na wenyewe wanagawana mahakamani. Chumba kuchelewa kwa miezi michache kunavumilika. Mkeo au mumeo kukuzoea kama sauti ya kwenye simu tu, hilo ni deni linalozaa riba kimyakimya.

Kuna wanaosema starehe za ufukweni ni za wazungu. Hapo nakataa kabisa. Kisiwa ni chetu, lugha ni yetu, na sisi ndio tunaoweza kukaa kwa bei nafuu kuliko yeyote. Boti za kasi kutoka Dar huchukua kama saa 2, na nauli ya raia ni chini kuliko ya mgeni. Hoteli nyingi zina bei ya wakaazi, lakini hawakwambii usipouliza, kwa hiyo uliza na uwe na kitambulisho. Beba pia nakala ya cheti cha ndoa kwenye simu, usije ukabishana na mtu wa mapokezi usiku.

Angalia msimu. Julai na Agosti, na kuanzia Krismasi hadi mwaka mpya, bei hupanda. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka lakini mvua ipo na baadhi ya hoteli hufunga. Mwezi wa Ramadhani ni mwezi wa heshima na utulivu, mchana hakuna kula hadharani. Kama unaweza kuchagua tarehe zako, Juni mwanzoni au Novemba panafaa mkoba wetu.

Chagua pwani kwa akili. Nungwi na Kendwa, kaskazini, mnaweza kuogelea karibu muda wote, ila pana watu wengi na bei yake. Paje na Jambiani, mashariki, maji yakipwa huenda mbali sana, mnaona kina mama wakihudumia mashamba yao ya mwani. Kuogelea mnasubiri maji yajae. Kwa wanandoa wenye mazungumzo ya miaka 2, kusubiri huko ni faida. Jioni moja pitieni Forodhani, na ulizeni bei kabla mshikaki haujafika sahanini. Mkenya ana Lamu: basi hadi Mokowe, kisha boti.

Tahadhari kwa mliochukua uraia wa nje. Mmoja wenu akiingia Tanzania kwa pasipoti ya Marekani, viza ni dola 100, na ya Uingereza ni dola 50. Juu yake, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipa bima ya lazima ya dola 44. Iingize kwenye hesabu.

Adabu nayo ina nafasi yake. Usishuke kwenye ndege ukaenda moja kwa moja kisiwani kama mtoro. Salimia wazazi kwanza, kaa siku kadhaa, gawa zawadi. Kisha ondokeni ndani ya siku 10 za mwanzo, tiketi ya boti na chumba vikiwa vimeshalipiwa. Ukisema "wiki ya mwisho", kufikia wiki ya mwisho utakuwa unakopa nauli ya kwenda uwanja wa ndege.

Na jamani, picha. Usizitupie kwenye status. Kila picha ya ufukweni ni ankara: kabla jua halijazama, binamu ameshaomba mtaji wa bodaboda. Piga, tunza, zitazame mkiwa mbali.

Siku ya kwanza msizungumze hela kabisa. Laleni, kuleni, tembeeni. Siku ya pili au ya tatu, ulizaneni mambo matatu. Hela ya miaka 2 ilienda wapi, bila kulaumiana? Nani tunamsaidia, na mwisho wake ni lini? Na narudi nyumbani moja kwa moja mwaka gani? Majibu yaandikeni kwenye daftari moja, nyote mtie sahihi.

Hilo swali la tatu ndilo zito. Wengi mnaongeza mkataba kwa sababu hakuna aliyewahi kulijibu mkiwa pamoja. Mshahara wa mwezi huu ukiingia, kabla hujafungua programu ya kutuma pesa, toa ile 25,000 yenu kwanza.