Kompyuta Haina Ndugu, Lakini Ina Wenyeji

Jumapili, saa nne usiku, bwenini. Najua niliahidi kumalizia ile stori ya sapu ya Takwimu, lakini itabidi isubiri. Leo nina hasira, na imeanzia kwenye kimbwete.

Tulikuwa watano tunapiga desa, mara mazungumzo yakahamia kwa wadogo zetu wanaomaliza kidato cha sita. Jamaa yangu mmoja, mtoto wa Dar, kazaliwa Dar kasomea Dar, akasema: udahili wa siku hizi ni haki tupu, pointi ni pointi, kompyuta haina ndugu, anayekosa chuo na pointi anazo basi huyo ni mzembe. Wenzangu wakaitikia. Mimi nikanyamaza, maana ningefungua mdomo tungegombana, na desa lenyewe lilikuwa lake.

Sasa naongea hapa.

Kwanza nimpe haki yake. Kabla ya 2010 kila chuo kilipokea maombi kivyake. Mtu mmoja anachaguliwa vyuo vitatu, anaripoti kimoja, nafasi mbili zinakaa hewani huku mwenzake yuko nyumbani anachunga mbuzi. TCU wakaleta mfumo wa pamoja 2010, ukaenda mpaka 2017 ukaondolewa, maombi yakarudi vyuoni, ila kwa mtandao, na TCU wakabaki wasimamizi. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri, kwa simu au barua pepe uliyoombea, unathibitisha chuo kimoja ndani ya siku walizotangaza. Mpango mzuri. Kimemo cha mkubwa kinapata shida kupenya humo, nakubali kabisa.

Lakini hebu mfuate mdogo wangu na hiyo namba ya siri.

Huyu ni mtoto wa mama mdogo, kwao ni kijiji kimoja jirani na Liuli, kule kwetu ziwani. Kasoma Mbinga mjini, kidato cha sita akapata B ya Kemia na C ya Baiolojia. Hesabuni wenyewe: hayo masomo mawili tu ni pointi 7, na sharti la chini kwa shahada ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4. Anataka ualimu wa sayansi. Jamani, anataka kurudi kufundisha Kemia kwenye shule zetu! Mtu kama huyo ilibidi afuatwe na ngoma.

Matokeo yakatoka mwezi wa saba. Hana simu janja, ana kitochi cha mama yake. Akapanda gari mpaka Mbinga, akaingia steshenari, kijana wa pale akamjazia maombi ya vyuo viwili. Sehemu ya barua pepe akaweka ya dukani. Sehemu ya simu akaweka yake yeye mwenye kompyuta, "ili ujumbe ukija nikupigie." Simlaumu sana, siku ile alikuwa na foleni mpaka barazani. Mdogo wangu akalipa, akarudi ziwani.

Na kule ziwani mwezi unapokuwa gizani watu hawalali. Ni dagaa nyasa, taa majini usiku, asubuhi kuanika na kugeuza mpaka jua lizame. Mtandao wa simu unashika ukipanda kilimani nyuma ya kanisa. Nani anapanda kilimani na dagaa wako mchangani na kunguru wako juu? Hata angekuwa upande wa Umatengo ingekuwa yale yale, maana mwezi wa saba na wa nane ndo mavuno ya kahawa.

Akachaguliwa vyuo vyote viwili, awamu ya kwanza! Namba ya siri ikatumwa kwenye simu ya steshenari. Kijana anasema alipiga, haikupatikana. Mdogo wangu alikuja kusikia jina lake limetoka kutoka kwa mwenzake waliyesoma naye, siku za kuthibitisha zimeshapita. Akafunga safari tena mpaka Mbinga. Kozi ile kwenye vyuo vyote viwili ikawa imejaa, na akaambiwa na ofisi moja ya chuo, jina naliacha, maneno haya: "Ulitumiwa ujumbe." Simu ikakatwa.

Ulitumiwa ujumbe. Basi, kesi imekwisha.

Wadau, taarifa kuchelewa kufika Liuli haikuanza leo. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale ikitengenezwa. Mwingereza anaitwa Rhoades akaja na Guendolen kutoka upande wa Nyasaland, akapiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, akatoka na kiboti kwenda kumgombeza, maana walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, akadhani jamaa kalewa. Hakuwa na habari kwamba nchi zao ziko vitani. Mwenzake alishapata taarifa, yeye bado. Akachukuliwa mateka palepale. Miaka zaidi ya mia imepita na bado ufukwe uleule watu wanashindwa vita ambayo hawajaambiwa imeanza. Tofauti ni kwamba Berndt sijasoma popote akiitwa mzembe.

Sasa nitubu kidogo. Mimi mwenyewe nilipoomba nilikaa kwa mjomba Songea. Mjomba ana simu janja, ana bando, jioni anarudi na gazeti. Nilichaguliwa vyuo viwili vilevile kama mdogo wangu, na namba ya siri ilinikuta sebuleni nakunywa chai. Nikakaa nayo mpaka siku ya mwisho kwa sababu nilikuwa nasubiri rafiki zangu wachague wapi. Yaani nilishikilia nafasi mbili kwa starehe! Pointi zangu zilikuwa pungufu ya zake. Mnaonisoma toka mwaka wa kwanza mnanijua, mimi si kichwa. Nilikuwa na mjomba tu. Kwa hiyo kompyuta haina ndugu, sawa, ila ina wenyeji wake, na mimi nilikuwa mwenyeji.

Jamaa yangu atasema, basi unataka upendeleo. Hapana bwana. Wenzetu Makerere walianza 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5, na 2005 wakaja na nafasi za wilaya. Ule wa wilaya umelalamikiwa sana, kwamba nafasi ya wilaya ya mbali inaliwa na mtoto aliyesoma shule ya bei mbaya Kampala, ila asili yake ni huko. Tukiuleta hapa najua nini kitatokea: mtoto wa mkubwa ambaye hajawahi kuliona ziwa ataandikwa mzaliwa wa Mbamba Bay. Mdogo wangu hahitaji pointi za huruma, za kwake zinabaki. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba ameshinda.

Na hapa ndo vyuo vinaniudhi. Wanasema hawana namna ya kumpata mwombaji asiyejibu. Jamani, namba yake ya mtihani si mnayo? Ile namba inaanza na namba ya shule! Mwenye mfumo anajua huyu katoka shule gani. Shule ina mkuu wa shule, mkuu wa shule ana simu, na juu yake kuna afisa elimu wa wilaya. Kila wilaya: Mbinga anaye, na Nyasa anaye wake toka ilipokatwa kuwa wilaya 2012. Chuo kikitoa orodha ya ambao hawajathibitisha, ikatumwa shuleni siku tatu kabla ya dirisha kufungwa, mwalimu mmoja akapiga simu kwa mtendaji wa kijiji, kuna gharama gani hapo? Chuo hichohicho kikidai ada kinakupata hata ukiwa umelala.

Jambo jingine, sababu. Aliyekosa anaandikiwa hakuchaguliwa, nukta. Mwongozo wa TCU unaonyesha sifa za chini za kila kozi na nafasi ngapi. Vizuri. Lakini wa mwisho aliyechukuliwa alikuwa na pointi ngapi? Hilo ndo swali la haki, na chuo kikilibandika ukutani nusu ya minong'ono ya vimemo inakufa siku hiyohiyo. Na mwongozo wenyewe ni Kiingereza kitupu, baba yake mdogo wangu kaugeuza geuza kwenye simu ya jirani akaurudisha. Mzazi anayelipa hajui kinachoendelea, anamtegemea kijana wa steshenari.

Halafu hao wa steshenari... siku moja nitaandika makala nzima. Wao ndo ofisi ya udahili ya nchi hii kwa watu kama sisi, na hakuna aliyewafundisha hata kwamba namba ya simu iwe ya mwombaji au ya nduguye. Mstari mmoja mwekundu kwenye fomu ungetosha: usiweke namba ya dukani.

Najua kuna barabara ya lami sasa Mbinga mpaka Mbamba Bay, najua mambo yamesogea, msije mkanirushia maneno kwamba naiponda nyumbani. Napenda nyumbani ndo maana nasema. Lakini lami haisomi ujumbe mfupi.

Mdogo wangu nimeongea naye jana, alipanda kilimani makusudi. Ameanika dagaa wa kutosha kulipia maombi ya mwaka huu, vyuo vitatu safari hii. Nimemwambia aweke namba yangu. Akacheka, akauliza: "Kaka, na wewe ukiwa kwenye mtihani je?" Nikakosa jibu, nikamwambia aweke na ya mjomba.

Nyie wa Lituhi, Mbaha, Liuli mpaka Chiwindi mlioko vyuoni, kama kuna mdogo wenu anaomba mwaka huu, mpigieni leo mumwulize kaandika namba ya nani.

Nakwenda kulala. Desa la jamaa bado ninalo, kesho namrudishia, na ndani nimemwekea makala hii.