Jino Ni Lako, Lionyeshe!

Juma hili mapenzi tunayaweka kando, tunahamia mdomoni.

Nazungumzia balaa la mtu kung'olewa jino zima, lile bovu likabaki linamcheka. Msidhani ni stori za kijiweni. Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Huyo wa kichwa baadaye alifariki. Kama kichwa na goti vinachanganywa, sembuse magego mawili yaliyopakana?

Linapotelea wapi? Kwanza, daktari anakutazama usoni, kulia kwako ni kushoto kwake. Pili, hesabu. Meno yetu 32 hugawanywa pande nne, kila upande huhesabiwa toka katikati, 1 mpaka 8. Namba 36 ni gego la sita, chini kushoto kwako. 46 ni mwenzake wa kulia. Kosea tarakimu moja tu, umehama shavu! Na kiboko ni yule aliyeng'olewa la sita utotoni: la saba husogea likajikalia kwenye kiti cha marehemu, anayehesabu chapuchapu analiita la sita.

Maumivu nayo waongo. Gego la chini laweza kuuma kama la juu, ndiyo maana daktari makini hugongagonga na kupiga eksirei.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kukagua kabla ya kisu: jina, sehemu, alama. Jino halichoreki vizuri, basi alama iwekwe kwenye eksirei au mchoro wa meno, daktari na nesi wausome pamoja kabla ya koleo.

Nawe uliyeshuka toka Matombo au Mgeta, shavu kama andazi, taja jina kamili na uonyeshe kwa kidole kabla ya ganzi. Ikishakolea hata wewe hujui. Mshikaji mmoja kaniuliza, "Nimfundishe dokta kazi?" Aa wapi! Fundi cherehani humwonyeshi suruali ilipochanika?

Likitoka lisilolengwa, sema hapo hapo. Jino zima likirudishwa tunduni mapema laweza kushika tena. Haya, tukutane juma lijalo.