Mikataba na Washington Ipite Bungeni Kwanza

Serikali ya Kenya na serikali ya Marekani zimewakosea wananchi wa Kenya. Zimezoea kuafikiana kuhusu usalama wetu, fedha zetu na hata afya yetu mbali na macho ya wabunge na ya umma, kisha zinatutolea taarifa ya pamoja iliyosheheni neno demokrasia. Huu ndio msimamo wa gazeti hili.

Tarehe 23 Mei 2024, Rais William Ruto alipokelewa na Rais Joe Biden katika ziara rasmi ya kitaifa, ya kwanza kwa kiongozi wa Afrika tangu ile ya John Kufuor wa Ghana mwaka 2008. Mataifa haya mawili yalikuwa yakiadhimisha miaka 60 ya uhusiano wa kibalozi. Demokrasia na haki za binadamu zilipewa sehemu yake katika maandishi. Usalama ulipewa vitu vya kushikika: helikopta 16, magari ya deraya yapatayo 150, na ahadi ya kuifanya Kenya mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo.

Hadhi hiyo ilithibitishwa tarehe 24 Juni. Kesho yake, tarehe 25, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince kwenda kuwakinga raia wa Haiti dhidi ya magenge. Siku iyo hiyo, wenzao waliobaki nyumbani waliwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha kwenye majengo ya Bunge, Nairobi. Jioni wanajeshi wakatangazwa kuingia mitaani, na Bunge likaidhinisha jambo hilo siku iliyofuata, wakati jamaa za waliouawa walikuwa wakizunguka mochari kutafuta watoto wao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya miezi hiyo. Wengine walitekwa na watu wasiovaa sare, na wapo ambao hadi leo hawajaonekana.

Mabalozi 13 wa nchi za Magharibi, wa Marekani akiwemo, walitoa tamko la pamoja kueleza kushtushwa kwao. Baada ya tamko, mambo yaliendelea kama kawaida na hadhi ya mshirika mkuu haikuguswa. Mwaka uliofuata vijana walirudi barabarani kuwakumbuka wenzao, na katika maandamano ya Saba Saba ya 2025 pekee Tume hiyo iliripoti vifo visivyopungua 31. Agosti mwaka huo, Seneta Jim Risch, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti ya Marekani, alitaka hadhi ya Kenya ichunguzwe upya. Ukaribu wa Nairobi na China ulikuwa mstari wa mbele katika sababu alizotoa. Mama aliyemzika mwanawe Juni 2024 ana haki ya kuuliza kwa nini damu ya mwanawe haikutosha peke yake kuanzisha uchunguzi huo.

Marekani haiwezi kujitetea kwamba mikono yake imefungwa. Inayo sheria yake yenyewe, inayojulikana kwa jina la Seneta Patrick Leahy, inayokataza msaada kwa kikosi chochote cha usalama cha kigeni ambacho kuna habari za kuaminika kwamba kimetenda ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Waliofyatua risasi Bungeni walirekodiwa kwa kamera mchana kweupe. Washington itamke wazi ni vikosi gani vya polisi wa Kenya vimepimwa kwa sheria hiyo tangu Juni 2024, na vipi vimenyimwa msaada.

Hatusemi Kenya ivunje ushirikiano wa usalama. Nchi iliyopoteza watu zaidi ya 200 katika shambulio la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, Agosti 1998, na watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, inajua gharama ya ugaidi kuliko nyingi. Manda Bay, kaunti ya Lamu, Al-Shabaab waliwaua Wamarekani watatu Januari 2020. Adui ni mmoja, na kupashana habari za kijasusi kunaokoa maisha ya watu wa Lamu, Garissa na Mandera. Tunachokataa ni ushirikiano huo kugeuzwa kinga kwa afisa anayemuua Mkenya aliyebeba bendera na chupa ya maji.

Haiti imeonyesha jinsi mambo yanavyoharibika sheria inapopuuzwa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha ujumbe ule Oktoba 2023, Marekani ikiwa mfadhili mkuu, na Bunge la Taifa likaukubali Novemba. Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema polisi hawawezi kupelekwa nchi isiyo na makubaliano ya kubadilishana maafisa na Kenya. Badala ya kurudi kwa wananchi, serikali ilimleta Nairobi Waziri Mkuu Ariel Henry, na makubaliano yakatiwa saini tarehe 1 Machi. Hakuna aliyemchagua Henry kwa kura, na kabla mwezi huo haujafika nusu alikuwa ametangaza kujiuzulu, akishindwa hata kurejea kwao kwa sababu magenge yalikuwa yamefunga njia. Kwa saini ya mtu huyo, vijana wa Kenya walipelekwa vitani.

Wa kwanza aliuawa Februari 2025. Mwenzake alitoweka mwezi uliofuata baada ya shambulio la genge, na jamaa zake wakakaa miezi wakidai majibu. Kifo chake kilikuja kutajwa hadharani Septemba, New York, na kiongozi wa Haiti akihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Serikali iliyomtuma ilipaswa kubisha hodi kwa wazazi wake kwanza. Hili ni jambo la aibu, na hakuna tamko la kidiplomasia litakaloliosha.

Kisha kuna misaada. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje siku ileile aliyoapishwa, na kufikia 1 Julai shirika la USAID lilikuwa limekoma kutekeleza misaada hiyo. Wahudumu wa afya wakarudishwa nyumbani na wagonjwa wanaotumia ARV wakaingiwa na hofu ya dawa kwisha. Marekani ilikuwa na haki ya kupanga fedha zake, lakini kukata ghafla huduma ya mgonjwa uliyemzoesha kukutegemea tangu 2003 ni ukatili. Na lawama ya Nairobi ni nzito vilevile. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya bado haijatimiza ahadi hiyo, ingawa imepata fedha za mambo mengine mengi yasiyomponya mtu.

Pengo hilo ndilo lililotupeleka Washington tarehe 4 Desemba 2025, kutia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano: Marekani itoe dola bilioni 1.6, Kenya iongeze dola milioni 850. Yawezekana ni makubaliano mazuri. Lakini wananchi walianza kuyasoma baada ya kalamu kuwekwa chini, na ndani yake wakakuta habari za data za afya. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikazuia utekelezaji wa sehemu inayohusu kuhamisha data hizo. Kwa mara nyingine jaji alilazimika kufanya kazi ambayo Bunge lilipaswa kuifanya mapema.

Mlango unaopitiwa unajulikana. Sheria ya Kutunga na Kuidhinisha Mikataba ya mwaka 2012 inadai idhini ya Bunge la Taifa na ushirikishaji wa umma, lakini inasamehe makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za serikali au mambo ya kiufundi na ya kiutawala. Ndani ya msamaha huo waziri anaweza kupitisha karibu chochote. Polisi kufa ughaibuni si jambo la kiutawala. Rekodi za mgonjwa wa UKIMWI kupelekwa ng'ambo si jambo la kiufundi.

Waheshimiwa wabunge, msamaha huo mliuweka nyinyi na kuuondoa ni kazi yenu. Leteni mswada wa kuurekebisha, ili kila makubaliano yanayogusa maisha ya maafisa wetu, data za wananchi au fedha za hazina yachapishwe na kujadiliwa kabla ya saini, yawe na Washington, Beijing au London. Iiteni Wizara ya Mambo ya Nje iweke mezani kila hati iliyotiwa saini na Marekani tangu Mei 2024. Na mpaka hati hizo zisomwe, msiidhinishe shilingi ya kutekeleza makubaliano mapya.