Aliyetoka CTE akiwa mzima



Jamaa nyingi zina mtu aliyefika mlangoni mwa kifo akarudi. Kuna mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa, kuna kijana aliyeponea mtumbwi uliopinduka, kuna aliyelala chini ya kitanda usiku kucha risasi zikipita. Watu hao huwa tunawazunguka, tunawapikia, tunawaombea. Lakini hapa kwetu, kuanzia Mangina mpaka Butembo, kuna waliorudi kutoka huko na hawakupokelewa vile. Ni waliopona Ebola. Juma hili tunazungumza juu yao, hasa wamama, kwa sababu redio imeacha kuwataja na wengi wanadhani mambo yao yamekwisha.

Tukumbushane kidogo. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3470 waliugua, 2287 wakafa. Zaidi ya elfu moja walitoka wakiwa wazima. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake na wasichana, na hilo halimshangazi mama yeyote. Nani alimsafisha mgonjwa aliyetapika? Nani aliosha maiti? Nani alikaa kwenye benchi la kituo cha afya na mtoto mwenye homa, pembeni ya mtu ambaye hakuna aliyejua bado anaugua nini?

Siku ya kutoka CTE ilikuwa siku ya nyimbo. Damu imepimwa, imepimwa tena, virusi havionekani. Mama anaoga, anaacha kila kitu alichoingia nacho, anapewa nguo mpya na karatasi yenye saini ya munganga inayosema amepona. Watu wanapiga makofi, wanapiga picha. Kwa Kifaransa wakaitwa vainqueurs, yaani washindi. Jina hilo ni zuri kwenye sherehe. Lakini mama aliyezika mume na watoto wawili katika mwezi mmoja, ukimwambia ameshinda, anakuuliza ameshinda nini.

Kisha anafika nyumbani. Godoro lilichomwa, na kikwembe kizuri pia. Harufu ya dawa ya klori bado iko ukutani. Mpangaji wa chumba cha pili amehama. Anatoa ile karatasi, anawaonyesha majirani, nao wanaisomea mbali.

Sisi tunaofundisha tunajua kwamba karatasi ni karatasi tu. Diploma haimfundishi mtoto kusoma. Anayefundisha ni mtu aliyeshika diploma. Karatasi ya kupona nayo haiwezi kumshika mtu mkono. Kazi hiyo ilikuwa ya majirani.

Na mwili wenyewe haurudi siku moja na mtu. Waliopona wengi hubaki na maumivu ya viungo, hasa magoti na mgongo, kichwa kinachouma bila sababu, uchovu ambao hauishi hata mtu akilala. Wengine husahau: anaenda sokoni kununua chumvi, anarudi na sabuni. Wengine macho huwaka kwa ndani, yanakuwa mekundu, yanaogopa mwanga, na yasipotibiwa mapema yanaweza kupofuka. Mtu anayemwona mama huyo amekaa mlangoni saa nne asubuhi bila kwenda shambani atasema amezoea kupewa vya bure na watu wa riposti. Kumbe magoti yamekataa.

Usiku ni jambo jingine. Mama mmoja alituambia kwamba kinachomwamsha si maumivu, ni kitanda cha pembeni. Msichana aliyelala pale alikuwa akimwomba maji, naye hakuwa na nguvu ya kuinuka. Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu. Miaka imepita, bado anajiuliza kwa nini yeye alibaki na yule akaenda. Watu wa kanisa walimjibu kwamba Mungu ana kusudi naye. Jibu hilo lilimtia nguvu siku zingine, na siku zingine lilimwelemea, kwani alijiona ana deni kwa watu wote waliokufa.

Mama huyo huyo alikuwa muuza sombe na mshiriki wa AVEC moja ambayo hatutaitaja. Alipopona alirudi kwenye mkutano wa juma, akaweka pesa yake kwenye sahani kama wengine. Za wengine zilihesabiwa kwa mkono. Zake mtunza-pesa alizisukuma kwa kalamu. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Alirudi juma la pili, na la tatu. La nne hakurudi.

Mwezi uliofuata alipata kazi kwenye kreshi. Wengine wetu bado wanakumbuka nyumba zile za Beni na Butembo, karibu na CTE. Mama akilazwa, mtoto wake mchanga hawezi kubaki naye, na hapo hapo shangazi anaogopa kumchukua, kwani mtoto mwenyewe huenda ameambukizwa na inabidi aangaliwe siku 21. Wauguzi waliingia wamevaa ile nguo kubwa inayofunika yote, mtoto anaona miwani tu. Ni nani angembeba mtoto huyo mgongoni, amwimbie, amlishe, alale naye kifuani? Waliopona. Mwili ulioshinda ugonjwa umejifunza kujikinga nao, na kwa hiyo waliweza kukaa karibu pale ambapo sisi wengine hatungethubutu. Wengine waliingia hata ndani ya CTE kuwalisha wagonjwa na kuwapa moyo. Mgonjwa anayesikia "nami nililala kitanda hiki, kunywa" alikunywa. Huko Beni kulikuwa pia na dereva wa pikipiki aliyepona, akawa anabeba wagonjwa kuwapeleka kupimwa, abiria ambao motari mwingine angewakimbia.

Kwa hiyo, katika mji mmoja, mikono ambayo kikundi kiliogopa noti zake ndiyo iliyokuwa ikilea watoto ambao hakuna mtu mwingine angeweza kuwagusa. Ugonjwa ulipokwisha, kreshi zilifungwa na mshahara ukakoma. Leo yule mama yuko kwenye AVEC nyingine, nusu saa kwa miguu kutoka kwake, ilhali ile ya zamani inakutana nyuma ya nyumba yake.

Jambo hili la mwili uliojifunza si maneno ya kufariji tu. Mwaka 1995 Ebola ilipopiga Kikwit, waganga wa Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa kati yao, walichukua damu ya waliopona wakawatia wagonjwa wanane. Saba waliishi. Wataalamu wengine duniani walisema hesabu hiyo ni ndogo mno, haithibitishi kitu. Lakini mwaka 2006, miaka 11 baadaye, damu ya mmoja wa waliopona Kikwit ilichukuliwa tena, na ndani yake askari wa kuikamata Ebola walikuwa wangali macho. Kutokana na damu hiyo ilitengenezwa dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa hapa hapa, kwenye CTE za Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mwezi wa nane 2019 ikatangazwa kuwa moja ya dawa mbili zilizofanya vizuri kuliko zingine. Kati ya waliopewa dawa hizo mbili wakiwa wamefika mapema, virusi vikiwa bado kidogo mwilini, karibu tisa kwa kumi walipona. Huenda binti wa jirani yako anaishi leo kwa sababu ya mtu wa Kikwit aliyekubali kunyoosha mkono achomwe sindano, miaka mingi baada ya watu kumsahau.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo huwa linanong'onwa kisimani, kwani likinong'onwa linageuka sumu. Je, aliyepona anaweza kuambukiza? Kwa mkono, hapana. Kwa chakula chake, kwa choo chake, kwa kukaa naye kwenye benchi la kanisa, kwa noti zake, hapana. Lakini kuna sehemu chache za mwili ambamo virusi vinaweza kujificha baada ya damu kuwa safi: mbegu za mwanaume, maziwa ya mama, ndani ya jicho, ubongo. Ndiyo maana mwanaume aliyepona huombwa kupimwa mbegu kila mara mpaka apate majibu mawili safi yanayofuatana, na kabla ya hapo kutumia kapoti. Ndiyo maana mama anayenyonyesha hupimwa maziwa. Mwaka 2021, mwezi wa pili, ugonjwa ulirudi upande wetu, na mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa mke wa mwanaume aliyepona. Hatulitaji hilo ili kumtupia mtu kosa. Tunalitaja kwa sababu mwanaume anayefichwa na kuchekwa haendi kupimwa. Anayeheshimiwa anaenda, na mke wake anaenda naye.

Wamama wawili walituuliza kama aliyepona anaweza kubeba mimba tena na kuzaa. Wapo wengi waliozaa baada ya kupona, watoto wazima. Azungumze tu na mkunga mapema, aseme historia yake bila kuficha, na mkunga naye asipige makelele mbele ya foleni.

Tumeacha watoto mpaka hapa kwa sababu wao ndio tunakutana nao kila asubuhi. Wako waliopona wakiwa na miaka mitatu, minne, na sasa wanasoma. Wako pia wale ambao mama alipona na baba hakurudi. Watoto wenzao ni wepisi wa majina: mmoja aliitwa "Ebola" uwanjani muda mrefu, mpaka akawa anaitikia. Mwalimu akisikia jina hilo asilipite. Lakini liko jambo lingine lisilosikika. Mtoto anayesogea karibu na ubao, anayefumba jicho moja akisoma, anayenakili vibaya kutoka ubaoni ilhali kwa mdomo anajibu vizuri, huyo pengine si mvivu. Ikiwa aliwahi kuugua, macho yake yaangaliwe na munganga wa macho, hata kama hayaumi na hata kama ni miaka imepita, kwa sababu mtoto wa jicho, ule utando mweupe, anaweza kuja polepole na anaweza kutolewa. Wakati mnangojea siku ya hospitali, mwombeni mwalimu amweke benchi la mbele, upande wa dirisha kama mwanga haumsumbui, upande wa ukuta kama unamsumbua. Na mfanye hivyo kabla ya mitihani ya muhula huu.