Usingizi wa mgonjwa wa Parkinson hauuzwi dukani

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia barua ya kurasa tatu. Mumewe, mwalimu aliyestaafu, ameugua Parkinson kwa mwaka wa nne sasa. Kutetemeka kwa mkono na hatua zake fupi fupi mama ameshayazoea. Yanayomshinda ni ya usiku. Mzee huweweseka, hupiga mayowe na kurusha ngumi, na mwezi uliopita alimpasua mkewe mdomo akiwa usingizini. Mawifi wanasema ni majini.

Mama akaenda duka la dawa, akauziwa tembe za usingizi bila hata kuulizwa ni za nani. Usiku wa pili mzee aliamka kwenda msalani, akaanguka, na asubuhi hakumtambua bintiye. "Je, niendelee kumpa?" anauliza.

La, mama, usiendelee. Na ikiwa mzee hajaonwa na daktari tangu aanguke, apelekwe leo hii, usingoje siku ya kliniki. Mengine nitayaeleza hapa, kwa kuwa najua si nyumba yako pekee inayokesha.

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza katika kijitabu alichokitoa London mnamo mwaka wa 1817, na hata wakati huo alitaja kwamba ugonjwa ukikomaa usingizi huvurugika. Chembechembe za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa polepole. Dopamini ikipungua, viungo hukakamaa, mwendo huwa mzito na mikono hutetemeka. Lakini maradhi haya hayaishii mikononi. Huzigusa pia sehemu za ubongo zinazotawala usingizi.

KWA NINI HALALI?

Wengi wetu hudhani kwamba kukosa usingizi ni shida moja yenye dawa moja. Kwa mgonjwa wa Parkinson, sababu ni nyingi, na kila moja ina njia yake.

Kwanza, dawa huishiwa nguvu. Levodopa, ambayo ndiyo dawa kuu, hufanya kazi kwa saa chache tu. Aliyemeza tembe ya mwisho jioni huenda akazinduka saa nane za usiku akiwa amekakamaa kama gogo, hawezi hata kujigeuza. Huyu hahitaji tembe ya usingizi. Anahitaji daktari abadilishe saa za levodopa, au ampe ya kumeza wakati wa kulala, ile inayoyeyuka polepole.

Pili, wapo wanaoamshwa na mkojo mara kwa mara, na wapo wanaokeshwa na huzuni au wasiwasi. Hayo nayo yanatibika, lakini sharti yasemwe.

Tatu, dawa zenyewe huchangia. Selejilini na amantadini zikimezwa jioni zaweza kumnyima mtu usingizi, kwa hiyo aghalabu hupangwa asubuhi au mchana. Kwa upande mwingine, pramipeksoli na ropiniroli zaweza kumletea mgonjwa usingizi wa ghafla mchana. Anayezitumia na kusinzia ovyo asishike usukani wa gari mpaka azungumze na daktari.

SI MAJINI

Nne, kuna hili la ngumi. Mtu mwenye afya anapoota, ubongo huifunga misuli yake isisogee. Ndiyo maana waweza kuota unakimbizwa na fisi ilhali umetulia tuli kitandani. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, kufuli hiyo hulegea. Akiota anapambana na mwizi, hupambana kwelikweli, na anayepigwa ni mkewe aliyelala kando yake.

Hali hii ilielezwa na madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani, mwaka wa 1986. Kwa baadhi ya watu huanza miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Kwa hivyo, mama, mumeo hana majini, na wala hakuchukii. Mweleze hivyo na yeye pia, kwani huenda anajionea aibu asubuhi aonapo mdomo wako umevimba.

Dawa mbili ambazo madaktari huzitumia sana kwa hali hii ni melatonini na klonazepamu kwa kipimo kidogo. Lakini klonazepamu ni ya ukoo mmoja na Valium. Yaweza kumwacha mzee na ulevi asubuhi, ikamwangusha, na ikamletea hatari zaidi ikiwa hukoroma na kukatika pumzi usingizini. Aliyeitumia kwa muda haruhusiwi kuiacha ghafla. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kumpima mgonjwa, si ya kuazima kwa jirani.

Jihadharini pia na zile tunazoziona za kawaida. Piriton, ambayo wengi huimeza ili walale, yaweza kumchanganya mzee akili na kumzibia mkojo. Plasil ya kichefuchefu, pamoja na Largactil na haloperidoli wanazopewa watu wanaoona maruerue, huizuia dopamini isifanye kazi. Kumpa mgonjwa wa Parkinson dawa hizo ni kuzima kibatari ambacho tayari kinafifia. Pombe nayo si dawa ya usingizi.

Na asiwepo mtu wa kumwachisha mzee levodopa kwa ghafla eti apumzishwe dawa. Anaweza kupata homa kali, akakakamaa mwili mzima na hata kufa.

NYUMBANI

Kuna mengi yasiyohitaji tembe. Anzeni na chumba cha kulala. Ondoeni stuli, chupa na kila chenye ncha karibu na kitanda, pamoja na lile panga au rungu la wezi lililo chini ya godoro. Wekeni mito au godoro jembamba sakafuni kando ya kitanda. Wewe mama, lala kitanda kingine mpaka ngumi zitulie. Huko si kuvunja ndoa.

Acheni taa ndogo ikiwaka njiani kwenda msalani, au mzee awekewe chombo cha haja ndogo karibu. Chai na kahawa zikome alasiri. Shuka laini na blanketi jepesi humsaidia kujigeuza. Mchana atoke nje, apate jua na atembee kidogo, na asilale usingizi mrefu baada ya chakula.

Kisha kuna kazi ya vijana. Mwanafunzi aliye nyumbani anaweza kununua daftari na kuandika kwa wiki mbili: mzee alimeza nini, saa ngapi, alilala lini, aliamshwa na nini, aliota nini. Siku ya kliniki, tieni dawa zote katika mfuko mmoja, zikiwemo zile za duka, mzimwage mezani pa daktari pamoja na daftari hilo. Daktari anayemwona mgonjwa kwa dakika chache hawezi kuukisia usiku mzima.

Vijana hao hao wagawane zamu. Mama aliyekesha miaka minne naye anaelekea kuwa mgonjwa, na siku atakapoanguka yeye, nyumba itakuwa na wagonjwa wawili. Usiku mmoja au mbili kwa wiki, mwana au binti alale karibu na baba, na mama afunge mlango wake alale hadi kuche.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia usiku mwema.