Hiari Yashinda Utumwa: Je, Dini Ibadilishwe kwa Ajili ya Ndoa?

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni majani, popote huota. Hayachagui shamba wala hayaulizi mwenye shamba ni nani. Yamkini hakuna mahali ambapo ukweli wa methali hii hudhihirika kama katika vyuo vikuu vya Kenya. Kijana aliyebatizwa Nyeri huketi darasa moja na binti aliyesomea madrasa Kisauni. Wakafanya mazoezi ya fonolojia pamoja, wakaazimana vitabu, wakasomeana tungo. Kufikia mwaka wa nne wameazimia kuoana. Katika muda huo wote hakuna aliyeiona dini kuwa kikwazo. Yeye alikwenda kanisani Jumapili, naye binti akafunga Ramadhani, na mapenzi yakaendelea kunawiri. Swali huzuka siku ya posa, wazee wanapoketi. "Je, mwanenu yuko tayari kusilimu?" Na upande wa pili, kwa sauti ya chini zaidi, wazazi wa kijana nao huulizana iwapo binti huyo atakubali kubatizwa.

La kusikitisha ni kwamba swali hili zito aghalabu hujibiwa kwa wepesi. Hujibiwa baina ya mazungumzo ya mahari na yale ya idadi ya wageni, kana kwamba ni jambo moja miongoni mwa maandalizi ya harusi. Makala haya yanashikilia kwamba kubadili dini kwa lengo la kupata kibali cha kuoa au kuolewa tu ni kosa. Si kosa kwa sababu dini moja ni bora kuliko nyingine. Hilo si suala la makala haya. Ni kosa kwa kuwa linawadhulumu watatu kwa mpigo: dini inayoingiwa, mwenzi anayepokea ahadi, na nafsi ya mwenye kubadili.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ni shahidi mzuri katika kesi hii. Kitenzi 'silimu' kina asili ya Kiarabu na kimetokana na mzizi uleule uliotupa 'Islamu' na 'salama'. Maana yake ya ndani ni kujisalimisha kwa Mwenyezi Mungu. Mtu husilimu mwenyewe. Hata hivyo, kitenzi hichohicho hupokea viambishi, tukapata 'silimisha' na hatimaye 'silimishwa'. Tofauti baina ya "alisilimu" na "alisilimishwa" ni ndogo kimofolojia lakini ni kubwa mno kimaana. Katika ile ya kwanza mtenda ni yule aliyeamini; katika ile ya pili mtenda yuko nje ya sentensi, na pengine ni mkwe. Wakristo nao wana neno 'ongoka', ambalo halihitaji mtenda mwingine kwani ni hali inayomtokea mtu moyoni. Ni kweli kwamba 'batizwa' ni kauli ya kutendwa, na hakuna ajibatizaye. Lakini kabla ya maji kumwagwa, mtu mzima huulizwa hadharani iwapo anaamini, naye hujibu kwa kinywa chake. Bila jibu hilo la kweli, maji huwa ni maji tu.

Tukiziendea dini zenyewe, tunakuta kwamba hazikuwahi kuisifu imani ya kukopa. Katika Kurani, aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara inakataza kulazimishana katika dini. Hadithi mashuhuri aliyoipokea Umar bin Khattab, ambayo Imamu Bukhari aliitanguliza katika mkusanyiko wake, inafundisha kwamba vitendo hupimwa kwa nia. Na mfano uliotolewa humo ni wa mtu aliyehama kwa ajili ya mwanamke anayetaka kumwoa. Hijra ya mtu huyo huhesabiwa kuwa ni ya kile alichokiendea, wala si ya Mungu na Mtume wake. Ni vigumu kupata maelezo yaliyo wazi zaidi kuhusu anayetamka shahada huku macho yake yakiwa kwa bibi harusi.

Kwa upande wa Ukristo, Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwamini aliye na mwenzi asiyeamini asimwache iwapo mwenzi huyo yuko radhi kukaa naye. Ni kweli kwamba Paulo huyohuyo, katika waraka wake wa pili kwa watu haohao, aliwaonya waamini wasifungwe nira pamoja na wasioamini. Lakini hakuwaagiza wawabatize wenzi wao kwa nguvu. Kanisa Katoliki nalo, kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, halimdai mchumba asiye Mkatoliki abadili dini. Linadai ruhusa ya askofu, na linamtaka yule aliye Mkatoliki aahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani yake. Mara nyingi, basi, anayesema "dini inadai abadili" huwa anaisemea familia wala si dini.

Hata hivyo, haki haitendeki kwa kuficha ugumu uliopo. Fikihi ya Kiislamu inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke miongoni mwa Watu wa Kitabu, yaani Myahudi au Mkristo, bila yeye kusilimu. Mwanamke Mwislamu hana ruhusa hiyo kwa kauli ya jumla ya mafaqihi. Kwa hivyo yule kijana wa Nyeri hana mlango wa pili katika dini ya mchumba wake. Ama asilimu, ama ndoa isifungwe mbele ya kadhi wala sheikh. Binti akiamua kuolewa naye kwa njia nyingine, jamii yake itamhesabu kuwa anaishi katika zinaa, na huenda mlango wa kwao ukafungwa. Kumwambia kijana "usibadili" bila kuutaja mzigo huu anaobebeshwa binti ni kusema nusu ya ukweli.

Sheria ya nchi imejaribu kulifungua dirisha pale mlango ulipofungwa. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ndoa ya kiserikali hufungwa na msajili wala haiulizi dini ya mtu. Sehemu inayohusu ndoa ya Kiislamu, kinyume chake, inawahusu wale tu wanaokiri imani hiyo.

Hapa pana jambo ambalo wachumba wengi hawalifahamu. Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo, ndoa ya Kikristo na ile ya kiserikali ni za mke mmoja, ilhali ya Kiislamu na ya kimila huchukuliwa kuwa ni ndoa zinazoweza kuwa za wake wengi. Aidha, mali ya Mwislamu aliyefariki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, kwani marekebisho ya mwaka wa 1990 yaliyaondoa mirathi ya Waislamu katika masharti ya Sheria ya Urithi. Binti Mkristo anayesilimu ili aolewe hajabadili siku ya ibada na jina pekee. Amebadili aina ya mkataba wa ndoa, fungu lake la urithi na mahakama itakayosikiza kesi yake. Huenda akapata manufaa humo, kwa mfano mahari ambayo katika Uislamu ni haki yake mwenyewe wala si ya wazazi wake. Lakini ni wangapi wanaoelezwa haya kabla ya kutamka shahada? Ukweli ni kwamba wengi huelezwa juu ya nguo ya kuvaa tu.

Watetezi wa kubadili dini wana hoja zao, na si hoja za kupuuzwa. Wanadai kwamba nyumba haiwezi kuwa na vibla viwili. Kwamba watoto watakanganyikiwa. Na kwamba mapenzi ya kweli hayana budi kujitoa mhanga. Isitoshe, wanataja mifano ya watu walioingia kwa mlango wa ndoa wakaishia kuwa waumini imara kuwashinda waliozaliwa humo. Historia ya Uislamu ina kisa cha Ummu Sulaym wa Madina, aliyeposwa na Abu Talha kabla hajasilimu. Bibi huyo alikataa dhahabu na fedha, akasema mahari yake ni Uislamu wa mposaji. Abu Talha alisilimu na akawa miongoni mwa masahaba wanaokumbukwa kwa heshima.

Kisa hicho kitazamwe kwa makini. Ummu Sulaym hakutaka jina la Kiislamu katika cheti. Alimtaka mume mwenye imani. Na Abu Talha aliishi imani hiyo mpaka mwisho wa uhai wake. Hoja ya makala haya si kwamba mapenzi hayawezi kumfikisha mtu kwenye imani. Yanaweza, na yamewafikisha wengi. Hoja ni kwamba kufikishwa mlangoni si kuingia, na hakuna harusi inayopaswa kutumiwa kumsukuma mtu ndani. Ruthu Mmoabi, anayetajwa katika makanisa kila panapozungumziwa suala hili, aliukiri uungu wa Mungu wa Naomi akiwa tayari mjane. Hakuna mume aliyekuwa akimngoja siku ile njiani. Ndiyo maana maneno yake yana uzito.

Kuhusu nyumba yenye vibla viwili, ni vyema kuuliza: Je, nyumba ambamo mmoja anajifanya ina vibla vingapi? Anayefunga Ramadhani mbele ya wakwe na kula kwa siri ofisini, au anayeshiriki meza ya Bwana huku moyoni anaisoma Fatiha, hajaleta umoja nyumbani. Ameleta siri. Lililo moyoni ulimi huiba, na siku moja ulimi huo utaiba mbele ya watoto. Kadhalika, imani ya kujifanya huuweka msingi wa ndoa mahali pa hatari. Katika madhehebu ya Shafii yaliyoenea katika pwani ya Kenya, mume au mke akiritadi na asirejee kabla ya eda kwisha, ndoa huwa imevunjika. Aliyesilimu kwa ajili ya ndoa anapochoka kujifanya, huipoteza ndoa ileile iliyomfanya asilimu.

Haifai pia kusahau ni nani hasa anayebebeshwa mzigo huu. Sarufi yetu inasema mwanamume 'huoa' na mwanamke 'huolewa', na jamii imeichukua kauli hiyo ya kutendwa na kuifanya sheria ya maisha. Nje ya hali ya kijana na binti yule, ambamo fikihi inamtaka mwanamume abadili, mazoea hudai kwamba mwanamke ndiye wa kufuata: Mkatoliki aliyeolewa na Msabato ahamishe ibada yake kutoka Jumapili hadi Jumamosi, na Mkristo aliyeolewa na Mwislamu abadili jina hata kama dini ya mumewe haimlazimishi. Kifungu cha 45 cha Katiba kinawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika ndoa na inapovunjika. Usawa huo hauna maana iwapo dhamiri ya mmoja huhesabiwa kuwa sehemu ya mzigo wa kuhama nao.

Basi wachumba wafanye nini? Kwanza, waulizane mapema, kabla ya posa, maswali ambayo harusi haiwezi kuyajibu. Watoto watalelewa katika imani gani? Iwapo kila mmoja atabaki na dini yake, ni wasia gani utakaomlinda mjane, ikizingatiwa kwamba katika fikihi asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, ingawa anaweza kuusiwa hadi thuluthi ya mali? Na atakayetangulia kufariki atazikwa vipi: siku hiyohiyo akiwa katika sanda, au baada ya juma la mikesha na harambee? Wakenya wanakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Mzozo ule ulikuwa wa mila wala si wa dini, lakini ulidhihirisha kwamba hata ndoa iliyofungwa kwa sheria ya serikali haikumpa mjane kauli ya mwisho. Mnamo Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo, Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kuzika. Cheti cha msajili hakijibu kila swali. Majibu mengine hayana budi kuandikwa na wawili wenyewe wakingali hai.

Pili, mwenye kuvutiwa na dini ya mwenzake apewe muda. Aisome, aulize, aingie msikitini au kanisani akiwa mgeni anayekaribishwa, wala si mateka anayehesabiwa siku. Wazazi wanaosisitiza kwamba asilimu au abatizwe kabla ya mwezi wa harusi hawaitumikii dini yao, wanaitumia.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, wawe tayari kwa jibu la kweli hata likiuma. Iwapo kijana wa Nyeri hawezi kuitamka shahada kwa moyo safi, na iwapo binti wa Kisauni hawezi kuishi nje ya ndoa ambayo dini yake inaihalalisha, basi wote wawili wana heshima zao, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Kuachana kwa ukweli ni msiba wa muda. Kuunganishwa kwa uongo ni msiba unaorithishwa watoto. Na iwapo wataamua kwenda kwa msajili, waende wakijua gharama na nani ataibeba, pasiwe na yeyote aliyedanganywa.

Hiari yashinda utumwa. Methali hii hutumiwa mno kuhusu kazi, lakini hakuna mahali inapofaa zaidi kuliko katika ibada. Dini iliyoingiwa kwa hiari, hata kama mapenzi ndiyo yaliyoonyesha njia, itamfaa mtu siku ya harusi na siku ya mazishi. Dini iliyovaliwa kwa sherehe huvuliwa pamoja na nguo za sherehe.