Sehemu Kwanza, Desimali Baadaye

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wanachuo wetu, waendapo mazoezi ya kufundisha, kuwaharakisha watoto waziache sehemu na kukimbilia desimali. Mtoto huambiwa kuwa theluthi moja ni 0.33. Akitakiwa kutafuta theluthi ya shilingi 600 hupata 198 badala ya 200, naye hutiwa alama ya kosa. Sisi twaona kosa hilo ni la mwalimu aliyezikata tarakimu mapema.

Kompyuta nayo yaweza kukosea hivyo hivyo. Ndiyo sababu wataalamu walitunga programu za aljebra, kama Macsyma, iliyoanza kutengenezwa huko MIT, Marekani, mwaka 1968, na Maple, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 1980. Programu hizo huweza kuiacha theluthi ibaki theluthi, na herufi x ibaki x, hadi mwisho wa hesabu.

Hatusemi kwamba kadirio halina heshima yake. Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3, uendelee hivyo hadi 1/20. Jibu kamili ni 55835135/15519504. Ni sahihi kabisa, lakini nani ataujua ukubwa wake kwa kulitazama? Desimali hutuambia mara moja: karibu 3.6.

Tena, Niels Henrik Abel wa Norwei alithibitisha mwaka 1824 kwamba milinganyo ya kipeo cha tano haina kanuni ya jumla ya kuitatua kwa vipeuo. Chukueni x⁵ − x − 1 = 0. Mahali pa x tukiweka 1, upande wa kushoto huwa −1. Tukiweka 2, huwa 29. Basi, kabla ya kukadiria chochote, twajua kwa yakini kuwa liko jibu kati ya 1 na 2. Hapo ndipo kompyuta huanza kukadiria, ikafika karibu 1.1673. Hesabu kamili imeonyesha pa kutafuta, na kadirio likatafuta.

Darasani twashauri mtoto akisie kwanza (theluthi ya 600 haiwezi kufika 300), kisha aandike 600 × 1/3 na kurahisisha. Desimali, ikihitajika, ije mstari wa mwisho, ikitanguliwa na neno "karibu". Na mwanachuo atakayeikuta 198 daftarini, kabla ya kushika kalamu nyekundu, amwulize mtoto ni mstari gani alipoiacha theluthi.